Picha za 3D kwa simu moja tu: unapiga, unasogea, unapiga tena

Tuelewane kwanza, picha za 3D ninazoongelea hapa si zile katuni za kompyuta na wala si zile apu zinazofanya picha yako itingishike ukiigusa. Ni picha mbili za kawaida za kitu kilekile, moja imepigwa kushoto kidogo na ingine kulia kidogo, halafu unazitazama kwa namna ambayo jicho la kushoto linapata ya kushoto na la kulia linapata ya kulia, ubongo wenyewe unaziunganisha na ghafla unaona kina, unaona kabisa kwamba mkungu wa matooke uko mbele na ukuta uko nyuma. Nyoosha kidole mbele ya pua, funga jicho moja, fungua, funga lingine, utaona kidole kinaruka huku na huku ila ukuta wa mbali hauruki. Huko kuruka ndo habari yote. Macho ya mtu mzima yameachana kama sentimita 6.5 hivi, na sisi tunataka simu ifanye kazi ya macho mawili kwa kupiga mara mbili.

Kwa hiyo usinunue kitu. Nasema hivo kwa sababu mtu akisikia 3D anawaza kamera ya mamilioni, kumbe simu yoyote yenye kamera inayoeleweka inatosha, hata ile Tecno ya shangazi yako. Ujuzi uko kwenye kusogea, umbali gani na vipi, na hapo ndo nitakaa sana, mengine tutapita haraka.

Kusogea kiasi gani

Kanuni ya zamani ni rahisi: angalia kitu kilicho karibu zaidi na wewe ndani ya picha, umbali wake gawanya kwa 30, hicho ndo kiasi cha kusogeza simu kutoka picha ya kwanza kwenda ya pili. Mtu amesimama mita 2 mbele yako, unasogea sentimita 6 au 7, yaani karibu sawa na macho yako. Boda imepaki mita 3, unasogea sentimita 10. Rolex, ile chapati iliyoviringiwa mayai, iko kwenye sahani, simu iko sentimita 30 juu yake, unasogea sentimita 1 tu, ndio, moja. Mti wa mvule ulio mita 30, unasogea mita nzima. Ona kwamba tunapima kile cha karibu na si kile unachokipenda, manake watu wengi wanapiga kilima cha mbali wakasahau kuna tawi linaning'inia hapa puani, lile tawi litaharibu kila kitu, macho hayataweza kuliunganisha.

Sasa hiyo 30 si sheria ya Musa. Lenzi kuu ya simu inaona upana mkubwa kuliko zile lenzi za kamera za zamani ambazo kanuni ilizifuata, kwa hiyo ukiwa hujazumu unaweza kugawanya kwa 20 na picha ikakubali vizuri. Ukizumu mara mbili rudi kwenye 30, ukizumu zaidi punguza tena kusogea. Na kama nyuma ya kitu chako kuna ukuta wa karibu, hakuna mbali, unaweza kuongeza kidogo pia. Ila ukiwa na shaka sogea kidogo, usisogee sana. Kila anayeanza anazidisha, anataka kina kiwe kikali, matokeo yake mtazamaji anaumwa kichwa, na hata akifaulu kuunganisha anaona watu wazima na magari wamegeuka vidoli, hiyo ni kawaida ukipanua macho kupita yale ya binadamu, ubongo unadhani kitu ni kidogo kwa sababu macho yake yenyewe hayajawahi kuachana hivo. Kina cha wastani ndo kinachopendeza kwa muda mrefu, mimi huo ndo msimamo wangu na siuachi.

Namna ya kusogea

Kwa watu na vitu vya mita 2 mpaka 4 huhitaji kifaa. Simama miguu ikiwa imeachana, bana viwiko kwenye mbavu, weka uzito wote kwenye mguu wa kushoto, piga, halafu hamisha uzito uende mguu wa kulia bila kunyanyua mguu, piga tena. Wazungu wanaita chacha kama ile dansi. Mwili wenyewe ukihama hivo simu inasogea kama sentimita 6 mpaka 8, umeshaipata. Anza kushoto kila siku, kila mara, usibadilishe, usiku ukiwa unapanga picha hamsini utajua bila kufikiria ipi ni ipi.

Mambo ya kuchunga: simu isipande wala isishuke. Tofauti ya juu na chini ni mbaya kuliko kukosea umbali, macho yetu yamezoea kuachana kwa ulalo tu, jicho moja likiambiwa liangalie juu zaidi ya lenzake linagoma na kichwa kinaanza kugonga. Chagua alama kwenye skrini, washa ile mistari ya gridi kwenye kamera, weka mstari mmoja wa ulalo kwenye kitu fulani cha mbali, dirisha au ncha ya paa, ukisogea mstari ubaki urefu uleule. Pia usiizungushe simu ili ikielekee kile kitu tena, mkono unataka sana kufanya hivo, kataa. Simu inateleza tu kwenda kulia huku inatazama mbele palepale, kitu kitahama kidogo ndani ya fremu na hiyo ni sawa, utarekebisha baadaye. Ukiizungusha, picha moja inakuwa ndefu upande huu na ingine upande ule, pembe haziungani.

Kwa vitu vidogo, ua, saa, chakula, chungu, mikono haitoshi. Weka rula mezani, egemeza simu kwenye kitabu kizito au kikombe, kitabu kikiwa kimegusa rula, piga, sukuma kitabu kwa kufuata rula sentimita moja, piga. Ukitaka kitu cha kudumu mwendee fundi yeyote wa mbao pale Katwe, Kampala, akuchongee kibao chenye mfereji ambao simu inasimama ndani na kuteleza, hakuna fundi atashindwa hiyo.

Piga wima au mraba, si ulalo, manake hizi picha mbili zitakaa bega kwa bega kwenye skrini moja na mbili za wima zinaingia vizuri.

Kabla ya kupiga ya kwanza, bonyeza kidole kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, la sivyo simu itajiamulia upya kwenye ya pili na utapata moja nyeupe moja nyeusi. Zima flashi, kivuli chake kinahama pamoja na simu. Zima ile modi ya kuziba nyuma kwa ukungu, sisi tunataka nyuma ionekane! Na ile ya kulainisha uso zima, hata kama nnyabo, yaani mama unayempiga, atalalamika.

Nini kinakubali, nini kinagoma

Kati ya picha ya kwanza na ya pili zinapita sekunde moja au mbili, kwa hiyo chochote kinachotembea kitagoma. Bendera, majani ya migomba kwenye upepo, bodaboda zinazopita, mawimbi ya ziwa, kila jicho litaona kitu tofauti na patakuwa na vimelemeta vya ajabu hapo. Maporomoko ya Sipi kwa simu moja yatakuwa na maji ya vurugu, miamba itatoka safi lakini. Asubuhi mapema upepo haujaamka ndo saa ya migomba.

Anayekubali kuliko wote Kampala ni kalooli. Lile likorongo linasimama juu ya jaa au juu ya taa ya barabarani halitingishiki, unaweza kupiga kushoto, katikati, kulia, ukanywa na maji, lipo tu linakutazama. Limekuwa modo wa bure. Mafenesi yanayoning'inia kwenye shina nayo ni dhahabu, yana miba midogo midogo na kwenye 3D kila mwiba unasimama. Mafungu ya nyanya Nakasero, baisikeli iliyobeba mikungu ya matooke ikiwa imeegemezwa, ngazi, nguzo za msikiti wa Old Kampala, mikeka, chapati zimepangwa, chochote chenye kitu mbele, kitu katikati na kitu nyuma. Kitu bapa mbele ya ukuta hakina faida, picha ya kawaida inatosha.

Watu wanakubali ukiwaomba. Sokoni usipige kama mwizi, salimia kwanza, mwambie "Nnyabo, nakuomba picha mbili, ukae hivo hivo nihesabu mpaka tatu", halafu mwonyeshe hapohapo. Wakishaona watakuita wenyewe. Ila kambi, askari, mabwawa na madaraja makubwa achana nayo, maelezo ya "afande hii ni sanaa ya macho mawili" hayatakusaidia.

Kama unataka watu wanaotembea, unahitaji simu mbili za aina moja, ziko zimefungwa kwa mpira kwenye kipande cha mbao, dole gumba moja kushoto lingine kulia, bonyeza pamoja. Kwa mtu anayetembea polepole inakubali. Kwa boda inayokimbia hapana.

Milima, basi na ndege

Hapa ndo raha yangu. Ukisimama juu ya ziwa Bunyonyi ukatazama vile visiwa, kwa macho yako ya kawaida vyote viko bapa, mbali sana, sentimita 6 haileti tofauti yoyote. Lakini kisiwa cha karibu kikiwa mita 300, gawanya kwa 30 unapata mita 10. Piga, tembea mita 10 kulia ukifuata njia, hakikisha hakuna kichaka karibu ndani ya fremu, piga tena. Utaona visiwa vimesimama kila kimoja mahali pake, kitu ambacho hakuna binadamu aliyesimama pale amewahi kuona kwa macho yake. Sawa, vitaonekana vidogo kama nilivyosema juu, ila hapa naona inapendeza, umekuwa jitu kwa dakika moja. Fanya haraka tu kabla wingu halijahamisha kivuli chake kilimani.

Kwenye basi la Kabale ni rahisi zaidi, basi lenyewe linakusogeza. Shikilia simu dirishani, sawa kabisa na ubavu wa basi, weka ile ya kupiga mfululizo. Basi likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa linakwenda mita 16 na kitu kila sekunde, simu ikipiga picha 10 kwa sekunde basi kati ya picha moja na inayofuata umesogea kama mita 1.7, hiyo inatosha vitu vilivyo mita 50. Kilima cha mbali zaidi? Ruka picha, chukua ya kwanza na ya nne. Umekaa dirisha la kushoto, picha iliyopigwa kwanza ni ya jicho la kushoto. Umekaa kulia, iliyopigwa kwanza ni ya jicho la kulia, usichanganye. Ndege ikitoka Entebbe hesabu ni ileile, juu kabisa kilomita 10 angani kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa unapiga, unasubiri sekunde moja na nusu, unapiga, na mawingu yanakuwa milima ya kweli.

Hii kitu si ya jana

Inachekesha kwamba 3D imeitangulia picha yenyewe. Charles Wheatstone, Mwingereza, alieleza jambo hili mwaka 1838 na kifaa chake cha vioo viwili vya kujitazamia, na hakutumia picha ya kamera bali michoro ya mistari, kwa sababu upigaji picha ulitangazwa hadharani mwaka uliofuata, 1839. Mskoti David Brewster akaleta mwaka 1849 kisanduku kidogo chenye lenzi mbili, fundi wa Paris Jules Duboscq akavitengeneza, mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London malkia Victoria akachungulia akapenda, na hapo kila mwenye sebule akataka chake. Halafu Mmarekani mmoja, Oliver Wendell Holmes, daktari na mwandishi, mwaka 1861 akabuni kile cha mkononi chepesi cha mbao na hakukiwekea hataza kwa makusudi, kila fundi akaruhusiwa kuiga. Mimi naona huyo ndo babu yetu sisi wa kujifanyia wenyewe. Kampuni kama Underwood & Underwood na Keystone zikauza kadi za dunia nzima, watu wakasafiri wakiwa wamekaa kwenye kiti.

Baadaye ikaja View-Master mwaka 1939, ile ya duara lenye jozi 7, wengine mtaikumbuka kama toi ya watoto wa matajiri. Mwaka 1947 kamera ya Stereo Realist ikawapa watu wa kawaida uwezo wa kupiga wenyewe kwa filamu ya milimita 35, Fujifilm wakatoa W3 ya dijitali mwaka 2010, na Google mwaka 2014 wakaja na ile boksi ya kadibodi ya kuwekea simu. Kila kizazi inakufa na kila kizazi inafufuka. Na anayeipigia debe sana siku hizi ni Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, kwa hiyo hata sisi wa Kiswahili tuna kaundugu hapo kwa mbali.

Kuunganisha na kutazama

Kwenye Android kuna apu inaitwa 3DSteroid, kwenye kompyuta ya Windows kuna StereoPhoto Maker, zote za Mjapani Masuji Suto na za bure. Unaingiza ya kushoto, ya kulia, unaiambia ijipange yenyewe, inanyoosha yale makosa madogo ya juu na chini. Halafu telezesha picha moja juu ya ingine mpaka kile kitu cha karibu kiwe kimelingana kwenye zote, hapo ukingo wa picha unakuwa dirisha na vitu vyote viko nyuma yake. Kitu kikitokeza mbele ya dirisha huku kimekatwa na ukingo, ubongo unachanganyikiwa, sasa kiko mbele au nyuma? Mkono wa mtu uliokatwa pembeni ndo mfano wa kila siku, ukate kabisa. Kama huna bando la kudaunilodi apu, hata apu ya kolaji inaweza kuziweka bega kwa bega, ukaanza nayo.

Kutazama bila kifaa, njia ya kwanza: ya kushoto iko kushoto, simu imelala, kila picha isizidi upana wa sentimita 6 na nusu. Leta skrini mpaka iguse pua, tazama kama unatazama mbali kupitia simu, ukungu tu, halafu irudishe polepole bila kukaza macho. Zitaonekana picha tatu, ile ya katikati ndo yenye kina, ingoje itulie. Ukikwama chukua miwani ya kusomea yenye nguvu, +3 au +4, ile inayouzwa barabarani, inasaidia macho yalegee huku skrini iko karibu. Njia ya pili ni kubadilisha, ya kulia iwekwe kushoto, halafu shika kalamu katikati ya uso na simu, tazama ncha ya kalamu mpaka picha za nyuma ziwe tatu, hamia ya katikati. Hii inakubali hata kwenye skrini kubwa. Ukiona mambo kinyume, ukuta umekuja mbele na mtu amekuwa shimo, umezichanganya, zibadilishe nafasi.

Usilazimishe macho. Dakika chache, pumzika. Na kuna watu ambao toka utoto jicho moja ni vivu au lina makengeza, wengi wao hawataona kina hata ufanyeje, usiwacheke na usiwaambie wajaribu tena.

Ile ya miwani nyekundu na samawati nayo ipo, nyekundu jicho la kushoto siku zote. Nzuri kwa kuonyesha watu wengi kwenye kompyuta moja. Lakini kwetu ina shida yake: udongo wetu mwekundu. Barabara ya murram kwenye jicho la kushoto inang'aa na kwenye la kulia ni nyeusi tii, macho yanagombana. Dawa ni kugeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuunganisha.

Ukitaka kuchapa, karatasi ya picha ya kawaida ya studio, sentimita 10 kwa 15, inabeba jozi nzima, kila moja upana wa sentimita 6.3, nyeupe inabaki pembeni. Pale Nasser Road mwambie ssebo (bwana) anayechapa asiikuze wala asiikate kingo, achape kama ilivyo, manake ukubwa ukibadilika haitatazamika kwa macho matupu. Ukiituma WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na vile vitu vidogo vya mbali vinavyobeba kina vinapotea. Na jina la faili liishie na K au L, kulia au lefti, chagua mfumo wako mmoja ubaki nao.